UZI: Karatasi ya majibu ya mifupa haijui umri wako, wala haijui kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Soma kabla hujaingiwa na hofu

#1 Mzawa wa Langoni

Asalaam aleikum wadau, na salamu kwa wote.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimezaliwa Langoni, Lamu, na mwaka wa kumi na tisa huu nachukua na kusoma damu za watu hapa Malindi. Uzi huu sikuupanga. Ijumaa iliyopita baada ya sala dada yangu alinipigia simu kutoka Lamu, analia, sauti haitoki. Mkononi ana karatasi mbili za majibu kutoka maabara moja ya binafsi ambayo sitaitaja, maana nataka tujifunze, sitaki kumchafulia mtu jina.

Karatasi ya kwanza ni ya mwanawe wa miaka 13, aliyekuwa akilalamika miguu kumuuma usiku. Kipimo kiitwacho ALP kimetoka 356, mbele yake herufi H nyekundu, yaani imezidi, na pembeni pameandikwa kwamba kiwango cha kawaida ni 40 mpaka 130. Aliyewapa karatasi pale dirishani akamwambia dada, "Hii si dogo, huenda ni ini au saratani ya mfupa."

Karatasi ya pili ni ya mama yetu. Mama ana miaka 66. Wiki nne nyuma aliteleza kwenye ngazi za nyumbani, ngazi mbili tu, akajizuia kwa mkono na kifundo kikavunjika. ALP yake 104. Kalsiamu 2.35. Hakuna H popote. Akaambiwa, "Mifupa yako mizuri, mama, nenda kapumzike."

Nimezisoma zile karatasi kwenye picha za simu mara tatu. Mashine imepima sawasawa, sina neno nayo. Lakini mtoto mzima amevishwa ugonjwa, na mama anayestahili kutazamwa amerudishwa nyumbani na pongezi. Sababu ni moja: palipotakiwa kuandikwa umri na jinsia paliachwa tupu, na kompyuta ikachapisha kiwango cha mtu mzima kwa wote wawili.

Nieleze kidogo tunapima nini, kwa sababu bila hilo namba ni namba tu.

Watu wa Lamu mtanielewa haraka. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hazikai bila kukarabatiwa. Ukipita kwenye kichochoro huoni kinachofanyika ndani, unaona punda. Punda wanatoka na shogi zimejaa kifusi, punda wanaingia na mchanga na chokaa. Ukikaa barazani ukawahesabu punda, utajua ndani kazi ni nyingi au ni kidogo, na utajua kama kinachotoka kinazidi kinachoingia. Ila hutajua kuta zilizobaki ni nene kiasi gani. Kwa hilo lazima uingie ndani.

Mfupa ndivyo ulivyo. Una seli za kubomoa na seli za kujenga, na hazilali. Kwa mtu mzima, kama sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Seli za kujenga zinapotandaza kolajeni, ule uzi unaoushika mfupa, hukata ncha zake, na ncha hizo huingia kwenye damu. Ncha ya mwanzo tunaipima kwa jina la PINP. Hao ni punda wa chokaa. Seli za kubomoa zikiikata kolajeni ya zamani, vipande vyake navyo huingia kwenye damu, na kimoja tunakiita CTX. Hao ni punda wa kifusi. ALP na protini iitwayo osteokalsini nazo hutoka kwa seli za kujenga. Mwaka 2011 mashirika mawili ya kimataifa, IOF la osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na kuvunjika upesi) na IFCC la kemia ya maabara, yalipendekeza PINP na CTX ziwe ndizo vipimo vya rejea, ili watafiti waache kulinganisha embe na nazi.

Sasa turudi kwa mwanetu wa miaka 13. Nyumba yake inapandishwa ghorofa! Punda wanaingia na kutoka mchana kutwa. Mtoto mchanga ana viwango vya juu sana, vinashuka utotoni, kisha vinapanda tena anapobaleghe. Wasichana hutangulia, wengi kilele chao kiko kwenye miaka 11 au 12. Wavulana hufuata mwaka mmoja au miwili baadaye, na hukaa juu muda mrefu zaidi. Mvulana wa miaka 13 au 14 anaweza kuwa na ALP ya 400 naye ni mzima kabisa, anacheza mpira pwani. Msichana wa miaka 16 huwa karibu ameshafika kwenye viwango vya mamake.

Kwa hiyo 356 ya mvulana wa miaka 13, anayekula vizuri, macho meupe, miguu imenyooka, na aliyerefuka mpaka suruali za Idi iliyopita hazimtoshi, mimi naiona ni habari ya kukua. Ya mama nitaiandika baadaye, nina zamu.

#2 Kijana wa Barani

Kaka, mimi nilivyofundishwa ALP ni kipimo cha ini. Sasa inaingiaje kwenye mifupa? Na mtu atajuaje kwamba iliyopanda ni ya mfupa na si ya ini?

#3 Mzawa wa Langoni

Swali zuri. ALP ni jina la familia, alikalini fosfatezi. Kwa mtu mzima mwenye afya, takriban nusu yake kwenye damu hutoka kwenye ini na nusu kwenye mifupa. Kwa mtoto anayekua, ya mfupa ndiyo hutawala. Mjamzito naye huongezewa na kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo mjamzito mwenye H kwenye ALP asikimbilie kulia.

Kutofautisha, daktari huomba kipimo cha GGT. Hiki hupanda ini likiwa na shida, lakini mfupa haukigusi. ALP juu na GGT ya kawaida, tazama mfupa. Vyote viwili juu, tazama ini na nyongo. Kuna pia kipimo cha ALP ya mfupa peke yake, lakini si kila maabara inacho.

Na nisieleweke vibaya: sijasema ALP ya mtoto ikipanda ipuuzwe. Mtoto mwenye matege, au anayechelewa kutembea, au aliye na maumivu ya mfupa mahali pamoja yasiyoondoka na uvimbe juu yake, au macho yamegeuka manjano, huyo aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Matege yanayotokana na ukosefu wa vitamini D pia hupandisha ALP. Seli za kujenga zinahangaika, chokaa haipo.

#4 Bin Faza

Mimi nitasema ukweli wangu. Haya mambo ya kupima mifupa ni ya watu wa mijini. Bibi zetu Faza na Pate wamezeeka wakitwanga na kubeba maji, hawakupimwa chochote. Mtu mzima akianguka akavunjika ni uzee, ni kadari ya Mungu. Mwacheni mama wa watu apumzike.

#5 Nesi Mama Pacha, Watamu

Bin Faza, kwa heshima zote. Mimi nimehudumu wodi ya wanawake miaka mingi. Nimewaona hao bibi waliopinda mgongo mpaka wanatazama miguu yao wakitembea. Tuliita uzee. Wengi wao zilikuwa pingili za uti wa mgongo zimebonyea, zimevunjika kimya kimya, hakuna aliyewapiga picha. Na aliyevunjika nyonga tunajua anavyomalizia siku zake kitandani, anasubiri kugeuzwa. Kadari ipo na tunaiamini, lakini hatukukatazwa kuziba paa kabla ya masika.

#6 Mzawa wa Langoni

Ahsante Mama Pacha, umenitangulia. Bin Faza ndugu yangu, sikuchukulii vibaya, mamangu mwenyewe alisema maneno kama yako.

Ngoja niandike ya mama sasa, maana hapa ndipo wanawake wanapodhulumiwa na karatasi.

Mwanamke wa miaka 35 au 40 ambaye si mjamzito wala hanyonyeshi huwa na punda wachache kuliko wakati wowote wa maisha yake. Kazi ni ndogo, kinachotoka kinalingana na kinachoingia. Kisha hedhi inakoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na estrojeni inashuka. Estrojeni ndiyo iliyokuwa nyapara wa seli za kubomoa, anazizuia zisizaliwe nyingi na zisiishi sana. Nyapara akiondoka, wabomoaji wanajaa. Ndani ya miaka michache vipande vya kolajeni kwenye damu vinaweza kukaribia mara mbili ya vilivyokuwa. Alama za kujenga nazo hupanda, lakini hazifikii hapo.

Mtu atauliza, kama vyote vimepanda, hasara iko wapi? Iko kwenye muda. Kubomoa mahali padogo kwenye mfupa huchukua wiki chache. Kupajenga tena huchukua miezi mitatu, minne au zaidi. Ukifungua mashimo mengi kwa pamoja, mafundi hawayafikii yote, na kila wanalolifunga wanalifunga chini kidogo ya lilivyokuwa. Miaka mitano mpaka kumi ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ndiyo hasara inapokwenda mbio, hasa kwenye mfupa wa ndani ulio kama sponji: pingili za mgongo, na kifundo cha mkono. Mama yangu alivunjika wapi? Hapo hapo.

Jambo hili si jipya. Daktari Fuller Albright wa Marekani alilihusisha kukoma kwa hedhi na wepesi wa mifupa mwaka 1941. Mpaka leo mama wa Lamu aliyevunjika mkono kwa kuteleza ngazi mbili anafungwa plasta, anaambiwa pole, basi. Hili linaniuma na sitaficha.

Sasa tazama karatasi ya mama. Kalsiamu 2.35, kawaida. Hiyo haisemi lolote juu ya mifupa yake! Mwili hauruhusu kalsiamu ya damu ishuke, kwa sababu moyo na misuli vinaitegemea. Ikipungua kwenye chakula, homoni ya paradundumio, vile vitezi vya shingoni, inachota kutoka kwenye mifupa ili damu ibaki kwenye 2.2 mpaka 2.6. Unaweza kuwa na damu iliyoshiba na mifupa iliyokombwa. Na ALP 104 ya mwanamke wa miaka 66, nusu yake ya ini, haimwondolei wala haimpi ugonjwa.

Cha kumsumbua daktari ni lile anguko. Mtu wa umri huo akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, lazima pawe na swali la pili.

#7 Ummu Swafiya, Lamu

Mimi ndiye dada mwenyewe. Nimesoma yote nimepata pumzi. Mtoto nilikuwa nimemfungia ndani siku tatu, nimemkataza hata kuogelea, kumbe namwonea mtoto wa watu.

Kaka, basi mama si apimwe hizo CTX na PINP kesho tujue moja? Pesa tutachanga. Na mama ameshaanza kusema tunamsumbua.

#8 Mzawa wa Langoni

Dada, mwachie mtoto aende baharini akaogelee. Mpime urefu umwandikie tarehe, umpime tena baada ya miezi mitatu.

Kwa mama, la, si kesho. Mama amevunjika wiki nne zilizopita. Mfupa uliovunjika unajengwa upya na alama zote hupanda kwa sababu hiyo, PINP huendelea kupanda mpaka kama mwezi wa tatu, na zinaweza kukaa juu miezi sita au hata mwaka. Tukipima sasa tutawahesabu punda wa kile kifundo tukadhani ni wa nyumba nzima.

Na kuna kubwa zaidi: CTX na PINP hazithibitishi osteoporosisi. Zinasema mwendo, hazisemi kuta zina unene gani. Kinachopima unene ni DXA, picha ya miale midogo ya mgongo na nyonga. Jibu lake linaitwa alama T: unalinganishwa na mtu kijana mwenye mifupa iliyokomaa, na tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka mstari kwenye −2.5. Hapo na chini yake ni osteoporosisi. Kwa hiyo cha kwanza ni daktari kumwona mama, apimwe vitamini D na figo, kisha DXA. Mama ameambiwa hiyo itabidi Mombasa. Nitakuja kumchukua Mokowe mwenyewe.

CTX na PINP zitatufaa baadaye, akianza dawa. DXA huchukua mwaka au miaka miwili kuonyesha mabadiliko. CTX huonyesha ndani ya miezi mitatu kama dawa imefika.

#9 Baharia wa Shela

Mimi na mke wangu tulipima pamoja kule Mombasa, kampuni anayofanyia kazi mke ililipa. Mimi nina 26, yeye 34. Alama zangu za mifupa, zote mbili, CTX na ile nyingine, ziko juu kuliko zake kwa mbali. Sivuti sigara, nafanya kazi ya jahazi, nina nguvu. Inamaanisha mifupa yangu inaisha?

#10 Mzawa wa Langoni

Hapana kaka, hiyo ndiyo tofauti ya mwanamume na mwanamke ninayoisema. Mwanamume huchelewa kubaleghe, hukua muda mrefu zaidi, na mifupa yake huwa mipana. Akiwa na miaka ya ishirini mwili bado unaimalizia nyumba, kwa hiyo alama zake za kujenga na za kubomoa huwa juu kuliko za mwanamke wa umri huo. Hushuka taratibu, na kwa wengi huwa chini kabisa kati ya miaka 40 na 60. Ukirudi kupima una miaka 45 utazikuta ziko chini sana. Mkeo naye, akifika 55, kuna uwezekano mkubwa akupite. Mistari yenu inapishana njiani.

Kwa hiyo kiwango kimoja kwa "watu wazima" hakitendi haki. Ukimpima kijana wa miaka 24 kwa kiwango cha mwanamke wa miaka 40 utampata mgonjwa kila siku.

Wanaume wenzangu tusijivune, lakini. Sisi hatuna lile poromoko la ghafla, ila baada ya miaka 70 hivi kubomoa kwetu nako hupanda, na mwanamume akivunjika nyonga huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwanamke aliyevunjika nyonga. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mfupa wa mwanamume nao unaishi kwa estrojeni, tunayoitengeneza kutoka kwenye testosteroni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walimweleza kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuisikia estrojeni kabisa. Testosteroni yake ilikuwa sawa. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka, mifupa yake haikuwa imefunga, alama za mifupa kwenye damu ziko juu, na mfupa wenyewe mwepesi kama wa mzee. Kisa cha mtu mmoja, lakini kilibadilisha mafunzo yote.

#11 Mama wa Kipungani

Mimi nanyonyesha, mtoto ana miezi mitano. Kwa mnavyosema nimeogopa. Mamangu anasema kila mtoto humla mamake jino.

#12 Nesi Mama Pacha, Watamu

Usiogope mwanangu. Ukinyonyesha mwili unachukua kalsiamu kwenye mifupa kwa ajili ya maziwa, alama hupanda, na mgongo unaweza kupoteza kama asilimia 3 mpaka 5 ndani ya miezi sita. Ukimwachisha ziwa na hedhi ikirudi, mwili hurudisha kwa wengi. Ndivyo tulivyoumbwa. Meno ni habari nyingine, yapige mswaki na umwone wa meno. Wewe kula: maziwa, mtindi, dagaa wakavu uwatafune na mifupa yao, ufuta. Ila usipime CTX ukiwa unanyonyesha halafu ukaipeleka kwa mtu asiyejua, atakutia wazimu.

Na wale mnaotumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, nayo hushusha estrojeni na mfupa hupungua kidogo. Ukiacha hurudi kwa sehemu kubwa. Waambieni wanaowapima.

#13 Mzee wa Siyu

Wanangu nimefurahi kuwasoma. Nina maswali mawili. Supu ya mifupa inasaidia? Na wale wanaosema mabuibui ndiyo yanawamaliza wanawake wetu mifupa kwa kukosa jua, ni kweli au ni maneno ya kututukana?

#14 Mzawa wa Langoni

Shikamoo mzee wangu.

Supu ya mifupa ni tamu na haina dhara, lakini kalsiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Glasi ya maziwa inaishinda. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, glasi moja ya maziwa ina kama 300. Mchicha tunaupenda, lakini una oksaleti inayoikamata kalsiamu isiingie mwilini.

La pili nalijibu kwa adabu kwa sababu linahusu mama zetu. Vitamini D hutengenezwa ngozi ikipigwa na jua. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi, ngozi iliyofunikwa haipati, na vichochoro vyetu ni vyembamba, jua lenyewe hupita saa sita tu. Mzee anayeshinda ndani, avae buibui asivae, ana shida hiyo hiyo. Buibui halivuliwi kwa ajili ya hili. Nyumba zetu zina kiwanda, yaani ua wa ndani, na zina dari, yaani paa la juu la kukalia. Mwanamke akikaa juu darini kwake mikono na miguu ikiwa wazi, mara chache kwa wiki, anapata. Asiyeweza, apimwe na apewe vidonge. Chini ya nanogramu 12 kwa mililita ni upungufu wa kweli. 20 na zaidi inamtosha mtu wa kawaida.

#15 Kijana wa Barani

Kaka, nimejifunza. Siku nikipima, nipime vipi ili majibu yasiwe ya uongo?

#16 Mzawa wa Langoni

Hili ndilo ningelibandika kwenye mlango wa kila maabara.

CTX ina mawimbi yake ndani ya siku. Usiku wa manane kuelekea alfajiri iko juu, mchana baada ya adhuhuri iko chini kabisa, na chakula huishusha. Mtu yule yule, siku ile ile, anaweza kutoka na majibu mawili yasiyofanana. Kwa hiyo damu ichukuliwe asubuhi, kati ya saa moja na nusu na saa nne, hujala tangu usiku, maji matupu ruhusa. PINP haijali sana chakula, ila chukueni pamoja. Wakati wa Ramadhani daku ni chakula, msinidanganye kwamba mmefunga! Aliyekula daku saa kumi na nusu hana mfungo wa usiku mzima saa mbili asubuhi. Bora kusubiri baada ya Idi.

Ukirudia baada ya miezi mitatu, rudia saa ile ile na maabara ile ile, kwa sababu mashine tofauti hazikubaliani. Kushuka kwa asilimia 5 au 10 si habari, hiyo ni damu inapumua.

CTX hukaa salama muda mrefu zaidi kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Osteokalsini huharibika upesi kwenye joto, na sisi tunajua sampuli inakaa juani gatini ikisubiri boti. Mwambieni pia anayewapima kama figo zenu ni dhaifu, maana figo ndizo huitoa CTX mwilini, na zikiwa dhaifu hubaki juu. Kama mnatumia dawa za steroidi za pumu au baridi yabisi, maana zinawalaza mafundi. Na kama mnakunywa vile vidonge vya biotini vya nywele na kucha, vinavyochanganya baadhi ya mashine.

Na msimamie pale dirishani mpaka mwone umri na jinsia vimeandikwa. Msiondoke.

#17 Bin Faza

Nimerudi. Mama yangu ana miaka 61, mwaka juzi alivunjika mkono vile vile, Faza. Sikuwahi kufikiria. Nikimleta Malindi nitakupata siku gani?

#18 Mzawa wa Langoni

Nimekutumia namba kwenye ujumbe wa ndani. Muone daktari kwanza, aje na barua, na karatasi zote za zamani hata zile zilizolowa. Umri wake halisi, na mwaka ambao hedhi ilikoma kama anaukumbuka. Muulize dada yako amuulize, kuna mambo mama hamwambii mtoto wa kiume.

#19 Ummu Swafiya, Lamu (wiki saba baadaye)

Wadau, nilisema nitaleta habari. Mama alikwenda Mombasa na kaka. Mgongo −2.9, nyonga −2.1. Vitamini D ilikuwa 11. Daktari amempa vitamini D kwanza, kisha alendronati miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Anakinywa Jumapili alfajiri kwa glasi nzima ya maji matupu, tumbo tupu, halafu nusu saa haruhusiwi kulala wala kula, basi anakaa barazani na tasbihi yake. CTX ya mwanzo wamechukua hata hivyo, daktari ameandika pembeni kwamba ana mvunjiko wa miezi mitatu, ili atakayesoma ajue. Ya pili ni baada ya miezi mitatu.

Ngazi tumezifungia kamba ya kushika na taa.

Mtoto: GGT ya kawaida, vitamini D nzuri, miguu haimuumi tena. Nimempima kwenye mwimo wa mlango, ameongeza sentimita moja na nusu.

#20 Mzawa wa Langoni

Alhamdulillahi. Dada, hiyo ya pili usiiweke Jumatatu kama ulivyoniambia, boti ya asubuhi hujaa na mtafika saa tano. Njooni Jumatano mlale kwangu. Alhamisi saa mbili asubuhi nitamchukua damu mwenyewe, asile kitu usiku, na uji wake utamsubiri mezani.